Mkorogo Kwenye Shavu la Nelson

Kila asubuhi, kabla hata sijanawa uso, nakanyaga mavi ya ndama. Kwetu Oldonyo Sambu asubuhi ni baridi na upepo wa vumbi, kwa hiyo ndama wetu analala kwenye kichumba kilichoegeshwa ukutani mwa jiko. Kukisafisha ni kazi yangu. Nazoa mavi kwa koleo, natandika majani makavu, halafu namnywesha maziwa kwenye ndoo. Ndama mwenyewe anaitwa Sidai. Kwa Kimaasai maana yake ni mzuri.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, Sidai hakuwa mzuri hata kidogo. Kuzunguka macho na shingoni alitokwa na mabaka meupe, makavu kama ukoko wa ugali uliosahaulika sufuriani. Ukigusa, ukoko unabanduka pamoja na manyoya, na chini yake ngozi inabaki ya waridi, ina majimaji. Baba alimpaka oili chafu ya pikipiki, kama wafugaji wengi wanavyofanya. Basi ndama akawa na ukoko, akawa mweusi, na akawa ananuka gereji.

Tena alikuwa bado hajajua kunywa kwenye ndoo. Ndama kama huyo lazima umbane shingo yake kwenye shingo yako, umpe vidole viwili anyonye, halafu ushushe mkono taratibu mpaka mdomo wake uguse maziwa. Mate yake yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nafumba macho na kubana pumzi. Nikimaliza nilikuwa nasugua mikono kwa majivu, lakini shingo nilikuwa naisahau.

Baada ya wiki mbili shingo ikaanza kuwasha. Lilitokea duara, pembeni limeinuka na lina magamba, katikati liko wazi. Nilijikuna darasani nikidhani hakuna anayeniona.

"We Naisiae!" Emmanuel aliita. Emmanuel anakaa dawati la nyuma yangu na hajawahi kunyamaza tangu tukiwa darasa la kwanza. "Una nini hapo shingoni? Jamani, tazameni, kwao wamempiga chapa kama ng'ombe ili asipotee!"

Darasa zima la sita likacheka. Mimi siyo mtu wa kuongea. Hata mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua, naangalia kucha zangu mpaka amuulize mwingine. Siku hiyo niliziangalia kucha zangu mpaka kengele ikalia.

Shuleni kwetu uji tunakunywa wawili wawili kikombe kimoja, maana vikombe havitoshi. Mwenzangu ni Maulida, ambaye baba yake ana duka la nguo pale senta. Nilimpelekea kikombe chetu kikiwa kimejaa.

"Kunywa tu," Maulida alisema huku anarudi nyuma hatua moja. "Leo sina njaa."

Baadaye kidogo nikamwona nyuma ya jiko anakunywa uji kwenye kikombe cha watu wengine. Uji wote nilikunywa peke yangu. Niliichukia ile shingo. Ningeweza kuivua kama sweta, ningeivua.

Yeyo, yaani mama yangu, sikumwambia. Nilijua atanikalisha juani, atakagua mwili wote, halafu ataita majirani waje kutazama na kutoa ushauri. Niliamua kulimaliza lile duara mwenyewe.

Jumamosi huwa naenda Ngaramtoni kumsaidia shangazi Maria, dada yake baba. Ana saluni karibu na soko. Mimi nafagia nywele na kufua taulo. Nyuma ya pazia la saluni kuna ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba, na ndani yake shangazi anakoroga mkorogo, mafuta yake ya kung'arisha ngozi. Anakamulia tyubu za dawa za ngozi alizonunua bila cheti cha daktari, anaongeza mafuta ya aina tatu, unga mweupe kutoka kwenye karatasi, na marashi mengi. Kisha anakoroga kwa mwiko. Ukifunua mfuniko, harufu inakupiga usoni kama yai viza lililopuliziwa pafyumu. Juu kunakuwa na utando wa njano ambao ukiuchota unavutika kama makamasi.

Lakini wateja waliupenda. Wenyewe wameupa jina, Uso wa Bibi Harusi.

"Maria, hii inaondoa na chunusi?" mama mmoja aliuliza siku hiyo.

"Inaondoa chunusi, inaondoa madoa, inaondoa muwasho," shangazi alijibu huku anafunga kopo. "Kasoro mawifi tu. Hao bado natafuta dawa yao."

Walicheka wote. Mimi nilisikia neno moja tu: muwasho. Shangazi alipotoka kumsindikiza mteja, niliingia nyuma ya pazia, nikachota mkorogo kwenye kikopo kidogo na kukificha kwenye soksi. Sikuomba. Kuomba ni kuongea, na ningeongea angeniuliza naumwa nini.

Nyumbani nilijipaka huku nimegeuza uso pembeni kwa ile harufu. Siku ya pili muwasho ukakoma. Siku ya nne wekundu wote ukaisha, na lile duara likawa kivuli tu. Emmanuel alinichungulia shingoni, akahamia kwa mwingine. Maulida akarudi kwenye kikombe chetu kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilifurahi sana. Nilijiona nimekuwa daktari.

Sasa, mimi nalala kitanda kimoja na mdogo wangu Nelson. Ana miaka mitatu na analala amenibandika shavu shingoni. Wiki iliyofuata nikaona kiduara kwenye shavu lake la kushoto, kama sarafu ya shilingi mia. Yeyo akiliona lile, atakagua na mimi, atakiona kikopo, na shangazi atajua nimeiba. Kwa hiyo kila asubuhi nikawa nampaka Nelson Uso wa Bibi Harusi nyuma ya banda la kuku.

"Dada, inanuka," alikuwa analalamika.

"Nyamaza. Ukimwambia yeyo sikupi muwa."

Kiduara chake kikafifia vizuri kama changu. Nikawa najisifu moyoni. Hiyo ilidumu siku kumi hivi.

Halafu mambo yakabadilika. Shavu la Nelson halikuwa na duara tena, lilikuwa na fujo. Wekundu ulisambaa bila mpaka, kwenye pua, kwenye kidevu, mpaka kwenye kope ya chini ya jicho. Vipele vyenye vichwa vya usaha vilitokea, vingine vikapasuka vikaganda kama asali chafu. Ngozi ikawa nyembamba na inang'aa, mishipa midogo inaonekana chini yake kama nyuzi nyekundu. Nzi wakawa hawamwachi. Nikiacha kupaka siku moja, analia muwasho usiku kucha. Nikipaka, anatulia, na kesho yake ugonjwa umesogea mbele kidogo.

Shingo yangu nayo ilikuwa hivyo hivyo, ila mimi nilikuwa na skafu. Ilikuwa inanata kwenye usaha, na kila nikiivua ilikuwa inatoka na kipande cha ngozi na harufu ya kitu kilichooza. Nelson akija kunikumbatia, nilikuwa namsukuma. Nilikuwa namwonea kinyaa mtoto niliyemharibu mwenyewe. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyowahi kufanya.

Yeyo alimpaka mafuta ya ng'ombe. Koko, bibi yetu, alimwombea na kumtemea mate ya baraka kichwani, kama wazee wetu wanavyofanya. Tulipoona jicho la kushoto limeanza kuvimba na halifunguki vizuri, yeyo alikata shauri.

"Kesho tunaenda mjini, kliniki ya ngozi," alisema. "Na wewe Naisiae twende. Utamshika huyu mtoto, maana hataki kushikwa na wageni."

Daktari wa kliniki aliitwa Abdulrahman. Alikuwa mwembamba, ana miwani imening'inia kwenye kamba, na anaongea na Nelson kama anaongea na mtu mzima mwenzake.

"Shikamoo daktari," yeyo na mimi tulisema.

"Marahaba. Mzee Nelson, shavu hilo, umepigana na nani?"

Alimwangalia kwa taa, akagusa ngozi, akauliza ilianza lini. Kisha akamgeukia yeyo. "Mama, umempaka kitu chochote?"

"Mafuta ya ng'ombe tu, daktari. Kabla ya hapo hakupakwa kitu."

"Dawa yoyote? Krimu yoyote?"

"Hakuna. Mimi ndiye ninayemwogesha."

Mimi nilikuwa nimemshika Nelson mapajani. Niliangalia kucha zangu.

Daktari alikuna kidevu. "Ingekuwa fangasi ningetegemea kuona duara. Hapa sioni. Hii inafanana zaidi na pumu ya ngozi iliyoingiwa na vijidudu. Nitaandika dawa ya vijidudu, na krimu ya kutuliza." Alifungua droo, akatoa tyubu ili yeyo aione vizuri. "Dukani ulizia kama hii. Paka kidogo sana, siku tano tu, na mbali na jicho."

Tyubu ilikuwa nyeupe, ina mstari wa kijani na mfuniko wa pembe sita. Niliijua. Nimeshaona kumi kama ile zikikamuliwa kwenye ndoo ya rangi.

Nilijua kitakachotokea. Shavu litatulia. Yeyo atafurahi. Hakuna mtu atakayejua lolote kuhusu kikopo wala soksi. Halafu wekundu utasogea tena, na pale ulipofikia hapakuwa na pa kusogea isipokuwa ndani ya jicho. Daktari alishachukua kalamu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ameshaandika tarehe. Ameshaandika jina.

"Hiyo ndiyo niliyompaka!"

Sauti ilitoka kwa kelele mpaka Nelson akashtuka akaanza kulia.

"Nini?" yeyo aliuliza.

"Nilimpaka mimi. Mkorogo wa shangazi. Shangazi anaweka hizo ndani, nyingi. Nilichota bila kuomba. Lilikuwepo duara, daktari. Lilikuwa kama sarafu, na mimi ndiye niliyemwambukiza. Mimi nililipata kwa ndama." Nikavua skafu. Ilinasa kama kawaida, nikaivuta, harufu ikajaa chumba.

Yeyo alijifunika pua kwa kitenge, halafu akaona amefanya nini, akakishusha. Hakunipiga. "Naisiae," alisema tu. "Naisiae, mwanangu, muda wote huu?"

Daktari Abdulrahman aliweka kalamu chini. Alisogea karibu na shingo yangu bila kukunja uso hata kidogo. Kwa wiki nyingi hakuna mtu mzima aliyekuwa amenisogelea hivyo.

"Ahsante," alisema. "Sasa ndiyo naona."

Alikwangua magamba kidogo kwenye shavu la Nelson na kwenye shingo yangu kwa kijembe butu, akayaweka kwenye kioo, akadondoshea dawa, tukasubiri. Kisha akaniita nichungulie kwenye hadubini. Niliona vitu kama mizizi myembamba ya nyasi, imepitana kila upande.

"Hao ni fangasi," alisema. "Ni choa, na aina hii ng'ombe wanaweza kutupa sisi. Wanakula ngozi yako."

Kumbe nilikuwa shamba lao.

"Lakini daktari," yeyo aliuliza, "kama ni choa, mbona alipopaka kilipoa?"

"Swali zuri hilo. Naisiae, uko darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi seli umesoma. Ndani ya seli kuna nini?"

"Kiini," nilisema chinichini.

"Kiini. Ndiko maagizo yote ya seli yanakokaa. Sasa, ndani ya seli za ngozi kuna vitu vinaitwa vipokezi. Kazi yake ni kungoja ujumbe. Dawa iliyo kwenye tyubu hii ikiingia kwenye seli, inakamatana na kipokezi chake, wanaingia wote wawili mpaka kwenye kiini, na huko wanabadilisha maagizo. Kiini kinaambiwa: acha kuvimba, acha kuwasha, punguza ulinzi. Na kiini kinatii. Nyumbani mna mbwa?"

"Wawili."

"Wakibweka usiku, ni kwa nini?"

"Fisi," nilisema. "Au wakati mwingine hakuna kitu, wanabweka tu."

"Sawasawa. Wekundu na muwasho ni mbwa wa ngozi wanabweka. Kuna wagonjwa wenye pumu ya ngozi, mbwa wao wanabweka bure, hakuna fisi. Hao dawa hii inawasaidia sana, nikiwapimia mimi, kiasi kidogo, siku chache. Wewe fisi ulikuwa naye kweli. Ukawaambia mbwa nyamazeni. Wakanyamaza, ukalala vizuri, na fisi akala zizi zima. Hata duara lilipotea, maana ule mzunguko mwekundu ulikuwa ni mbwa wenyewe. Ndiyo maana mimi mwenyewe nilidanganyika."

Yeyo alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo hii dawa ni mbaya?"

"Siyo mbaya, mama. Ina nguvu. Vipokezi viko vya aina nyingi, hata vya vitamini A na vitamini D, na tunavitumia kutibu chunusi sugu na magonjwa ya magamba. Lakini ukigonga mlango wa kiini kila siku bila kipimo, ngozi inakonda, inachanika, mishipa inatokeza. Karibu na jicho, mtoto anaweza hata kupoteza kuona. Kama ningemaliza kuandika cheti hiki, na ninyi mkarudi nyumbani…" Alikichana kile cheti vipande viwili.

Alipima jicho la Nelson, akasema ndani bado ni zima, ila tungechelewa zaidi lingeharibika. Alituandikia dawa za fangasi za kupaka na za kunywa. Alituonya kwamba tukiacha mkorogo muwasho utarudi kwa nguvu siku za mwanzo na tuvumilie, na kwamba tusiache dawa hata ngozi ikionekana imepona, mpaka aseme yeye. Mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Ndama atibiwe na afisa mifugo, siyo kwa oili chafu, na anayemnywesha aoge mpaka shingo.

Kutoka mjini hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Yeyo alishuka Ngaramtoni, akaingia saluni na Nelson mgongoni, akamfunua uso mbele ya wateja.

"Wifi, mwangalie mtoto wa kaka yako."

Shangazi Maria aliruka nyuma. "Yesu wangu! Mtoe hapa, wateja wanaona!"

"Nataka waone. Huu ni Uso wa Bibi Harusi."

Ilibidi niseme mimi. Nilisema kila kitu, kikopo, soksi, banda la kuku. Shangazi alinitazama kwa hasira. "Kumbe mwizi! Nakulisha hapa kila Jumamosi, kumbe nafuga mwizi!"

"Ni mwizi, ndiyo," yeyo alisema. "Ameshakiri, na atakufulia taulo mpaka ulipwe. Wewe unakiri lini?"

Mteja mmoja alianza kujigusa mashavu. Shangazi akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, akaanza kuvuta mikono ya blauzi yake kushuka chini, kama anavyofanya siku zote. Safari hii yeyo alimshika mkono, akaupandisha ule mkono wa blauzi polepole. Ngozi ya shangazi ilikuwa kama ganda la kitunguu. Ina michirizi ya zambarau, na sehemu mbili zilikuwa zimechanika na zinavuja maji. Nilitaka kugeuza uso. Sikugeuza.

"Inaniuma, wifi," shangazi alinong'ona. "Nikiacha inawaka moto. Naogopa kuacha."

"Kuna daktari," yeyo alisema. "Hakunji uso. Jumatatu nakuja kukuchukua."

Ndoo ile shangazi aliifunga mfuniko kwa kamba, na Jumatatu aliibeba mwenyewe mpaka kliniki ili daktari aone kilichomo. Saluni sasa inasuka nywele tu. Wateja wengine walihama. Wengine aliwatafuta mmoja mmoja akawaambia wasiache ghafla peke yao, waende wakaonwe.

Siku za mwanzo zilikuwa mbaya kama daktari alivyosema. Nelson alijikuna mpaka tukamvisha soksi mikononi. Kila asubuhi na jioni nilimwosha usaha mimi mwenyewe, na kinyaa nilikuwa nakisikia, sitadanganya, lakini nilimwosha. Wiki ya pili usaha ukakauka. Wiki ya nne uvimbe wa kope ukashuka, jicho likafunguka lote.

Wiki ya sita tulirudi kliniki. Daktari Abdulrahman alikwangua tena, akachungulia, akatabasamu. Hakuna mizizi. Kwenye shavu la Nelson kumebaki doa jepesi, na shingoni kwangu ngozi bado ni nyembamba. Alisema itachukua muda kurudi.

"Naisiae, nisikilize," alisema huku anavua glavu. "Mimi nimesoma miaka mingi, nina taa, nina hadubini. Siku ile vyote hivyo vilikuwa vinaelekea kumwumiza mdogo wako, kwa sababu mtu mmoja alikuwa na neno na hajalisema. Ugonjwa wa ngozi unatia kinyaa, na kuona kinyaa siyo dhambi. Dhambi ni kuufunika na kuupaka dawa usiyoijua ili watu wasikucheke. Ukiumwa, mwonyeshe mkubwa mapema, hata kama kidonda kinanuka. Na ukiulizwa na daktari umetumia nini, sema chote, hata ulichoiba. Umenielewa?"

Yeyo alinigeukia. Nelson alinigeukia. Mikono yangu ilikuwa mapajani, lakini sikuangalia kucha.

"Nimekuelewa, daktari," nilisema, kwa sauti ambayo hata wagonjwa waliokaa kwenye benchi nje waliisikia.